Damu Inapoganda Pasipostahili: Kasoro ya Kurithi na Dawa za Kuizuia

Mtu akijikata kidole kwa kisu, damu hutiririka kwa dakika chache kisha hukoma yenyewe. Bila ya uwezo huo wa kuganda, jeraha dogo lingeweza kumwua binadamu. Lakini damu hiyo hiyo ikiganda ndani ya mshipa usio na jeraha, huwa hatari. Bonge la damu likiziba vena kubwa ya mguu, mguu huvimba na kuuma. Likimeguka na kuchukuliwa mpaka mapafuni, laweza kumwua mtu ghafla. Wako watu wanaozaliwa na mwelekeo wa kupata mabonge ya namna hii. Katika somo hili tutaeleza asili ya kasoro hiyo, dawa za kuizuia, na sababu ya madaktari kutompa dawa kila aliyeirithi.

Jinsi damu inavyoganda

Katika utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mna protini kadhaa ambazo hapa tutaziita vigandishi. Nyingi kati yao hutajwa kwa namba za Kirumi. Mshipa ukijeruhiwa, kigandishi kimoja huamsha kingine, nacho huamsha cha tatu, mpaka inapopatikana thrombini. Hii hugeuza fibrinojeni, ambayo imeyeyuka katika utegili, kuwa nyuzi za fibrini zisizoyeyuka. Nyuzi hizo hunasa chembe za damu kama wavu unasavyo samaki, na bonge hufanyika.

Mwili una njia za kuizuia kazi hiyo isipite kiasi. Antithrombini huizima thrombini. Protini C, ikisaidiwa na protini S, hukikata kigandishi V na kigandishi VIII. Afya hutegemea mizani kati ya pande hizi mbili: upande mmoja ukizidi mtu huvuja damu, na wa pili ukizidi damu huganda mishipani.

Kasoro inayorithiwa

Mwaka 1965 Olav Egeberg wa Norway alieleza habari za familia moja iliyokuwa na upungufu wa antithrombini. Katika miaka ya 1980 upungufu wa protini C na wa protini S nao ulijulikana. Hata hivyo, wagonjwa wengi waliotoka katika familia zenye mabonge hawakuwa na upungufu wowote kati ya hizo. Mwaka 1993 Björn Dahlbäck na wenzake huko Sweden waligundua kwamba damu ya baadhi yao haikuitii protini C. Mwaka 1994 Rogier Bertina na wenzake, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, walionyesha sababu yake. Katika jeni ya kigandishi V, iliyo katika kromosomu ya 1, herufi moja tu imebadilika. Hivyo asidi ya amino ya 506, ambayo ni arginini, imekuwa glutamini. Hapo ndipo mahali pamojawapo ambapo protini C hukata. Mkasi upo, lakini hauna pa kukatia kwa urahisi, na kigandishi huendelea na kazi muda mrefu kuliko ipasavyo.

Kasoro hiyo huitwa kigandishi V Leiden. Katika watu 100 wenye asili ya Ulaya, wapatao 5 wanayo. Miongoni mwa Waafrika weusi ni nadra. Upungufu wa protini C, protini S na antithrombini ni nadra zaidi huko Ulaya, lakini hupatikana katika mabara yote.

Dawa zilizotoka malishoni

Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wasaidizi wake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitenga sumu hiyo mwaka 1939. Kutokana na utafiti huo ilipatikana warfarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuruhusiwa kwa wagonjwa mwaka 1954. Ini huhitaji vitamini K ili kukamilisha vigandishi II, VII, IX na X. Warfarini huzuia vitamini hiyo isirejeshwe katika hali ya kutumika tena.

Heparini, iliyogunduliwa mwaka 1916, hutolewa kwa sindano na huipa antithrombini nguvu. Dawa mpya zaidi, kama rivaroksabani na apiksabani, huzuia kigandishi X kilichoamshwa.

Kwa nini asipewe kila mtu?

Hapa inatupasa kupiga hesabu. Katika watu wazima 1,000, kwa kawaida mmoja hivi hupata bonge la vena kwa mwaka. Kati ya watu 1,000 wenye jeni moja ya Leiden, tukadirie kuwa watano hupata. Lakini warfarini huwavujisha damu vibaya watu 10 hadi 30 katika kila 1,000 kwa mwaka. Tukiwapa wote dawa, tutawaumiza wengi kuliko tutakaowaokoa.

Sasa tumchukue mtu aliyekwisha kupata bonge pasipo sababu dhahiri. Akiacha dawa, uwezekano wa kupata jingine mwaka wa kwanza ni kama 100 katika 1,000. Mizani imegeuka, na dawa sasa ina faida. Kwa hiyo wengi wenye jeni hii hawapewi dawa ya kudumu. Hukingwa nyakati za hatari tu, kama baada ya upasuaji au kujifungua, kwa kadiri daktari aonavyo.

Tahadhari

Protini C nayo hutegemea vitamini K, na huisha katika damu upesi kuliko kigandishi II. Kwa sababu hiyo, siku za kwanza za warfarini damu yaweza kuganda zaidi, hasa kwa mwenye upungufu wa protini C. Ndiyo maana penye bonge jipya heparini hutangulia, na dawa hizo mbili huenda pamoja kwa muda wa siku tano au zaidi.

Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara. Kipimo kiitwacho INR hutakiwa kwa kawaida kiwe kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K nyingi. Si lazima kuziacha, bali kiasi kisibadilike ghafla. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya warfarini, metronidazoli huiongeza. Mama mjamzito kwa kawaida hupewa heparini, kwa kuwa haipiti kondo la nyuma, ilhali warfarini hupita na yaweza kumdhuru mtoto. Mgonjwa asiache wala kubadili dawa bila shauri la daktari.

Maswali

1. Eleza kwa nini mtu aliyeanza warfarini leo hajapata kinga kamili kesho.
2. Baba ana jeni moja ya Leiden, mama hana. Wana watoto wanne. Mwanafunzi asema ni lazima wawili wairithi. Je, ni kweli? Toa sababu.
3. Kama ingepatikana dawa inayowavujisha damu vibaya watu 2 tu katika 1,000 kwa mwaka, je, hesabu yetu ingebadilika? Jadilini darasani.