Goti Linapoitikia Kupita Kiasi: Maelezo Sahili

Mgonjwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia. Daktari anamgonga kwa nyundo ndogo ya mpira chini ya pia ya goti, na mguu unaruka mbele. Tendo hili, ambalo Wilhelm Erb na Carl Westphal walilieleza nchini Ujerumani mwaka 1875, si la hiari. Makala haya yanafafanua kiini chake na maana yake linapopita kiasi.

Nyundo hugonga kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi. Msuli wa mbele ya paja huvutika ghafla, na neva hupeleka habari hiyo kwenye uti wa mgongo. Uti wa mgongo hujibu papo hapo kwa kuuamuru msuli ujikaze. Amri hiyo haingojei ubongo.

Hata hivyo, ubongo haukai kando. Daima huutuliza uti wa mgongo, mithili ya mpanda farasi ashikaye hatamu. Hatamu zikikatika, aghalabu kutokana na kiharusi au jeraha la uti wa mgongo, goti huruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ikumbukwe kwamba goti jepesi peke yake si ugonjwa. Hata wasiwasi huweza kulichochea. Ndiyo maana daktari hulinganisha magoti yote mawili na kutafuta dalili nyingine.

Mfano mwafaka ni konzo, jina lililotoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ugonjwa huu huwapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usioondolewa sumu vyema, hasa wakati wa ukame na njaa. Miguu hukakamaa ghafla, na ulemavu huo hudumu maishani. Mwaka 1996, Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuzidi kwa mwitiko wa magoti au vifundo vya miguu yote miwili miongoni mwa vigezo vya kuutambua. Katika miaka ya 1980, ulichunguzwa pia Tarime, Tanzania.

Konzo haiponi, lakini huzuilika: kuroweka muhogo kwa siku kadhaa kabla ya kuuanika hupunguza sumu mno. Onyo hili halimfai mlaji asipolielewa. Kano, muundi na pia ya goti ni maneno ya Kiswahili yaliyopo tayari. Kazi ya mwanafunzi wa lugha ni kuyatumia.