Saa za Dereva na Mazao Yako

Mkulima, lori linapofika shambani kwako jioni, je, wamtazama dereva, au watazama magunia tu? Mwezi huu tujifunze habari za saa za kuendesha lori, maana usingizi wa dereva waweza kukupotezea mavuno ya msimu mzima, na yeye uhai wake.

Tuanze na Marekani. Huko dereva wa lori la mizigo huruhusiwa kuendesha saa 11 tu, nazo ziwe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Kisha lazima apumzike saa 10 mfululizo.

Lakini mazao huharibika, na mifugo haiwezi kungoja juani ndani ya lori. Kwa hiyo ipo nafuu. Wakati wa kupanda na wa kuvuna, ambao kila jimbo hujipangia, dereva achukuaye mazao hahesabiwi saa akiwa ndani ya maili 150 za angani, yaani karibu kilomita 278, kutoka mahali alipopakia. Tangu mwaka 2021 wachukuao mifugo wamepewa nafuu hiyo katika maili 150 za mwisho pia. Nje ya mpaka huo, saa huhesabiwa.

Sasa fanya hesabu. Dereva akiendesha saa 3 ndani ya mpaka, kisha saa 11 nje yake, jumla ni saa 14. Sheria haikuvunjwa, lakini mwili umechoka. Usingizi haujui mpaka.

Hapa Kenya sheria ya trafiki yasema dereva wa gari la biashara asizidi saa 8 katika saa 24. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Lori likienda kilomita 50 kwa saa, safari yapita saa 7 na nusu. Basi dereva huyo hawezi kurudi siku ile ile, hata ukimwongeza shilingi.

Yafaa ufanye hivi:

1. Kausha mahindi, pima na ushone magunia kabla lori halijafika.
2. Tengeneza njia ya shambani ili lori lisikwame.
3. Patana mapema na mwenye lori habari za dereva wa pili, au mahali pa kulala.
4. Usimhimize dereva aliyechoka. Mpe chai, umwache alale.

Magunia yakichelewa leo, yatauzwa kesho. Lori likipinduka, hakuna cha kuuza.