Ramani ya Watu, Si ya Mapori

Chukua matokeo ya Sensa ya Tanzania ya 2022, paka kila mkoa rangi kulingana na idadi ya watu, kisha mwonyeshe mtu yeyote. Macho yake yatakimbilia Tabora, Morogoro, Lindi. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, itabaki kijidoa pwani. Rangi hazina kosa. Ila jicho hupima ukubwa kwanza, na sehemu kubwa ya ukubwa huo ni pori. Kwa hiyo idadi ya watu mimi huichora kwa miduara.

Muda mwingi huliwa na faili za mipaka. Zinazozagaa mtandaoni nyingi ni za zamani: hazina Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya 2016, na nyingine hazina hata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mikoa ya 2012. Hesabu mikoa kabla ya lolote. Isipotimia 31, tafuta faili nyingine. Ukifika kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, usiunganishe jedwali la sensa na mipaka kwa majina. Huku kumeandikwa "Mjini Magharibi", kule "Zanzibar West". Programu haijui kuwa ni mkoa uleule, itauacha mtupu. Tumia namba ya mkoa pande zote mbili.

Miduara nayo ina hesabu yake. Dar ina watu kama mara nne na nusu ya Lindi. Ukiongeza nusu kipenyo mara nne na nusu, eneo la duara linakuwa kubwa mara ishirini, na hapo umemdanganya msomaji kwa takwimu za kweli. Nusu kipenyo kifuate kipeuo cha pili cha idadi ya watu: cha Dar kiwe mara mbili na kidogo ya cha Lindi, basi. Datawrapper, huduma ya kutengeneza ramani mtandaoni, hukufanyia hilo. Kwa Leaflet, maktaba ya msimbo wa ramani, unaandika mwenyewe, mstari mmoja tu. Na miduara mikubwa itangulie kuchorwa, la sivyo mikoa midogo ya Unguja itafunikwa na Mjini Magharibi.

Faili ya mipaka ikiwa nzito, ipitishe kwenye Mapshaper, zana ya kurahisisha mipaka. Punguza nukta polepole huku ukiangalia Mafia na visiwa vya Ziwa Victoria, maana vidogo ndivyo hutoweka kwanza. Kuna kisanduku cha kuzuia maumbo yasifutwe, kitie tiki.

Mifano mingi ya mafunzo hutoa maelezo mshale wa kipanya unapopita juu ya mkoa. Kwenye simu kipanya kiko wapi? Maelezo yafunguke kwa kidole, yakiwa na jina la mkoa, idadi ya watu na mwaka wa sensa. Asilimia, msongamano na wastani wa ukubwa wa kaya viende kwenye jedwali chini ya ramani.

Mwisho ijaribu kwenye simu ya bei ndogo, nje, saa saba mchana. Ule ukijivu mpole uliopendeza ofisini, juani hauonekani hata kidogo.