Sadaka ya Hua Wawili: Kutunza Mali Katika Nyumba ya Mkristu



Kila mwaka, tarehe 2 Februari, Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Twabariki mishumaa, twaandamana, kisha twasikiliza Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 2, jinsi Maria na Yosefu walivyomchukua Mtoto Yesu mpaka Yerusalemu. Katika habari hiyo limo jambo dogo ambalo wengi wetu hulipita upesi, nalo ni sadaka yao: ndege wawili.

Ili kulielewa jambo hilo, hapana budi kufungua kitabu cha Walawi, sura ya 12. Huko Sheria ya Musa ilimwagiza mwanamke aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja, pamoja na njiwa au hua. Lakini kama mkono wake haukuweza kumpata kondoo, aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kumbe, basi, Familia Takatifu ilitoa sadaka ya maskini! Injili haitusimulii kwamba Yosefu alimkimbilia mkopeshaji ili aonekane mtu mbele ya makuhani, wala kwamba Maria aliona haya mbele ya wanawake wa Yerusalemu. Walitoa kadiri ya uwezo wao, wakarudi Nazareti wakiwa huru.

Somo letu la juma hili latoka hapo. Twataka kutazama jinsi nyumba ya Mkristu inavyopaswa kuishi kwa kipimo chake yenyewe, na kwa nini jambo hilo ni la imani wala si la mfuko peke yake.

Uangalifu si uchoyo

Wapo wanaodhani kwamba mtu anayehesabu shilingi zake ni mchoyo, na kwamba mkarimu ni yule atoaye bila kutazama. Wote wawili tusiwahukumu upesi. Katekisimu yatufundisha fadhila nne zilizo bawaba za nyingine zote: busara, haki, nguvu na kiasi. Utunzaji wa mali hujengwa juu ya busara na kiasi. Mchoyo huweka kwa sababu anapenda kuona vitu vimekaa, na mbadhirifu hutumia kwa sababu anapenda watu wamwone. Mtu mwangalifu hushika njia ya katikati. Hutumia panapohitajika, huweka panapofaa, na mkono wake huwa na kitu siku jirani anapobisha hodi.

Bwana wetu mwenyewe ametuonyesha. Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, alilisha wanaume wapatao elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Je, aliyeweza kufanya mwujiza huo alikuwa na haja gani ya makombo? Hata hivyo aliwaagiza wanafunzi wayakusanye, kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu 12. Kama Mwenye kuzidisha mikate hakukubali kipande kitupwe, sisi tusioweza kuzidisha hata punje moja tutajibu nini?

Meza moja, daftari moja

Mwanzo wa utunzaji ni ukweli kati ya mume na mke. Zipo nyumba ambamo mke hajui mumewe alipata kiasi gani alipouza kahawa au pamba, na mume hajui mkewe anadaiwa nini dukani wala katika simu. Mbele ya altare walikubali kuwa mwili mmoja. Itakuwaje basi mwili mmoja uwe na mifuko miwili inayofichana?

Twashauri hivi. Mara moja kila juma, labda Dominika baada ya chakula cha mchana, baba na mama wakae mezani na daftari la shule. Wapige mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Waanze kwa Ishara ya Msalaba, maana watazungumza habari ya vitu alivyowakabidhi Mungu. Asigombezwe mtu kwa yaliyokwisha pita. Kilichoandikwa kiandikwe kwa kweli, nacho kisaidie kupanga juma linalokuja. Watoto wakubwa nao waitwe wasikilize, ili wajue kwamba ada ya shule haidondoki kutoka mbinguni.

Daftari hufunua mambo. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Shilingi 1,000 iliyotumika kila siku bila kufikiri, kwa soda leo na kwa vocha kesho, kwa mwaka mzima ni shilingi 365,000. Hatusemi kwamba baba asinywe soda kamwe. Twasema ajue bei yake ya mwaka, kisha aamue kama mtu mwenye akili.

Ghala lisifunguliwe kwa pupa

Kwa familia nyingi zetu mali ya kwanza ni chakula kilichovunwa. Tuchukue mfano. Nyumba moja ya watu sita hupika kilo 2 za unga wa dona kwa siku. Kwa siku 365 hizo ni kilo 730, yaani zaidi kidogo ya magunia 7 ya kilo mia mia. Wamevuna magunia 12 mwezi wa Juni. Wakati wa mavuno bei huwa chini, kwa kuwa kila mtu anauza. Lakini baba, kwa furaha ya fedha, auza magunia 9 na kubakiza 3. Magunia matatu ni kilo 300, nazo ni chakula cha siku 150 tu. Mwezi wa Novemba ghala li tupu. Kuanzia hapo mpaka mavuno mengine familia ile yanunua mahindi kwa bei ya juu, labda hayo hayo iliyoyauza.

Busara ingesema: kwanza watu wahesabiwe, kisha siku zihesabiwe, ndipo lijulikane gunia la kuuza. Nyumba ile ingeweza kuweka magunia 8, ikauza 4, na isingelala njaa.

Lakini kuweka peke yake hakutoshi, maana wadudu nao wanangoja. Fukusi twawajua tangu zamani, na dumuzi aliingia nchini kwetu kutoka Amerika mnamo miaka ya 1970. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje. Ikifungwa barabara, wadudu waliomo huimaliza hewa na kufa, bila dawa yo yote. Sharti ni moja: mahindi yawe makavu. Ili kuyapima, chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha uiache kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishwe juani, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu.

Jikoni: kubana kunakofaa na kubana kunakoua

Akina mama wengi hawahitaji kufundishwa na gazeti jinsi ya kupika kwa uangalifu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, huiva upesi na kuokoa mkaa. Sufuria iliyofunikwa huhifadhi moto. Maji yaliyooshea mboga hunywesha mchicha uliopandwa katika gunia mlangoni. Sare ya kaka ikishonwa vema humfaa mdogo wake. Kazi hizi ndogo, zikifanywa kwa upendo, ni sala. Hakika hata katika nyumba ya Nazareti kulikuwa na mtungi wa kujaza na nguo ya kutia kiraka.

Lakini hapa yatupasa kutoa onyo zito. Uko uangalifu wa uongo, nao ni kula kilichoharibika kwa kusema kwamba ni dhambi kutupa chakula. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu. Mahindi yaliyooza yasisagwe, yasipikiwe pombe, wala asipewe kuku au ng'ombe wa maziwa. Amri ya tano yasema juu ya uhai, na uhai wa mtoto hauwekwi mizani moja na debe la mahindi. Anayetaka asitupe, na akaushe mapema.

Deni la sherehe

Sasa twarudi kwa hua wawili. Katika parokia zetu twafurahi kuona watoto wamevaa nguo nyeupe siku ya Komunyo ya Kwanza, na vijana wakipakwa Krisma siku ya Kipaimara. Furaha hiyo ni halali, na chakula cha pamoja ni desturi njema. Lakini ni nyumba ngapi zimeingia deni kwa ajili ya turubai, muziki, keki na sare za wageni? Baba akopa kwa siri ili asichekwe na majirani. Mama naye akopa kwa simu ili amsaidie, bila kumwambia. Wageni wakiisha kwenda, kinachobaki ni ugomvi. Mtoto aliyempokea Kristu siku ya Dominika, siku ya Jumatatu awasikia wazazi wake wakitukanana kwa ajili ya karamu yake. Naye atakumbuka nini?

Tufanye hesabu. Mtu amekopa shilingi 50,000, na kila mwezi anatozwa ada ya shilingi 5,000 mpaka atakaporudisha mkopo wenyewe. Aona ni kidogo, basi kila mwezi alipa ada peke yake. Baada ya miezi 12 amelipa shilingi 60,000, na ile 50,000 bado anadaiwa yote. Ndipo twaelewa walivyosema wazee: kukopa harusi, kulipa matanga.

Hatukatazi mikopo yote. Mkopo wa mbegu, au wa cherehani itakayoleta mapato, mume na mke wakikubaliana, waweza kuwa wa busara. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana asema habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Mkopo wa kuonekana hauna hesabu ya namna hiyo. Enyi wazazi, mtoto wenu akifikia siku yake kubwa, mpelekeni kwa kitubio, vaeni nguo safi mlizo nazo, pikeni kuku mmoja mle kwa amani. Hiyo ndiyo sadaka ya hua wawili, na Mungu aliipokea mikononi mwa Maria.

Na nyumba ambayo haina cha kubana?

Yupo msomaji atakayesema: “Mnasema akiba, nami mshahara wangu hautoshi hata nusu ya mwezi.” Malalamiko hayo ni ya kweli, na Kanisa halijayanyamazia. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba haki yadai mfanyakazi alipwe ujira unaomtosha kuishi. Na kwamba akilipwa vya kutosha kuwatunza mkewe na watoto wake, ataweza kwa uangalifu kujiwekea kidogo. Basi, ewe uliyeajiri msichana wa kazi, kibarua wa shamba au mlinzi wa usiku, kumbuka kwamba akiba iliyopatikana kwa kumpunja mtu huyo si uangalifu, bali ni wizi. Na wewe mwenye kipato haba, usijidharau. Pale ambapo mmoja hawezi, kumi waweza; ndiyo maana kikundi cha kuweka na kukopa katika jumuiya, chenye daftari wazi na viongozi waaminifu, ni msaada mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Vikapu vilivyojaa ni vya nani?

Tumalizie na swali hili, maana hapo ndipo Mkristu hupambanuka na mtu wa biashara tu. Mtakatifu Leo Mkuu, aliyekuwa Papa katika karne ya 5, aliwafundisha Warumi kwamba kile anachojinyima mfungaji kiwe chakula cha maskini. Kufunga bila kutoa ni kupunguza gharama tu. Kadhalika na akiba. Katika lile daftari la Dominika, pawe na mstari wa nne, hata kama ni wa shilingi 500: zaka, mgonjwa wa jumuiya, yatima asiye na daftari la shule. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu, akamgawia nabii Eliya, na pipa lake la unga halikupunguka.

Basi juma hili, baba na mama, jiulizeni pamoja mambo manne. Je, kila mmoja wetu ajua madeni yote ya nyumba hii? Chakula kilichopo kitatufikisha mwezi gani? Ni gharama gani tunayoilipa kwa sababu ya macho ya watu tu? Na ni nani, nje ya nyumba yetu, anayefaidika kwa uangalifu wetu?

Yajibuni bila hofu, mkijua kwamba Yule aliyelala mikononi mwa maskini wawili Hekaluni yupo mezani pamoja nanyi. Familia Takatifu ya Nazareti iziombee nyumba zetu zote.