SOMO LA KUJADILI: KUJIAMINI KUNAKOJENGWA KWA KUTAFAKARI



Katika vikundi vya kuweka na kukopa hapa Murungu, na katika vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, hali moja hujirudia. Mama anazijua vizuri hesabu za kikundi, lakini wageni wakifika anamwachia mwingine aongee. Kijana amehitimu mafunzo ya ufugaji nyuki, lakini akiombwa kuwafundisha wenzake anajibu, "Mimi ni nani?" Mradi unaweza kutoa mizinga na madaftari, lakini moyo wa kujiamini haugawiwi. Basi hujengwaje? Katika somo hili tutaangalia jinsi Wabuddha wanavyoujenga kwa njia ya kutafakari.

Wabuddha si watu wa mbali

Wengi wetu tukisikia Ubuddha huwaza India au Thailand. Lakini Upanga, jijini Dar es Salaam, lipo hekalu la Wabuddha ambalo chimbuko lake ni wahamiaji kutoka Sri Lanka wa mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda yupo mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa nchi hiyo aliyelelewa katika Ukatoliki. Alipokea utawa wa Kibuddha mwaka 2002 nchini Marekani, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabuddha cha Uganda, ambako watu hufundishwa kutafakari.

Hofu ya Mahanama

Maandiko ya kale ya Kibuddha yanasimulia habari za Mahanama, ndugu wa ukoo wa Buddha. Hakuwa mtawa, bali mtu mwenye nyumba na shughuli zake. Kila aliporudi jioni katika mji wa Kapilavatthu, kati ya tembo, farasi, mikokoteni na umati wa watu, akili yake ilivurugika akasahau aliyojifunza. Ndipo akaogopa: nikifa saa hii, itakuwaje kwangu?

Buddha alimwambia asiogope, kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa amejizoeza imani, uadilifu na ukarimu. Kisha akamuuliza: mti ulioinamia mashariki ukikatwa, utaangukia wapi? Mahanama akajibu kwamba utaangukia kule ulikoinamia.

Tuangalie jibu hilo kwa makini. Buddha hakumwambia Mahanama kwamba yeye ni hodari kuliko wengine. Alimkumbusha maisha yake yalikokuwa yameelekea. Katika lugha ya Kipali, imani ya namna hii huitwa saddha, yaani imani iliyo pamoja na uhakika wa moyo.

Jinsi ya kutafakari

Mahali pengine Mahanama anafundishwa kukumbuka mambo sita. Mawili kati ya hayo yanahusu maisha ya mtu mwenyewe: uadilifu wake na ukarimu wake. Kwa ufupi, mtu anaweza kufanya hivi:

1. Atulie, afuate pumzi yake kwa muda mfupi.
2. Akumbuke tendo moja halisi la uadilifu. Kwa mfano, alipata nafasi ya kusema uongo au kuchukua kisicho chake, akaacha.
3. Akumbuke kitu alichotoa kwa moyo mweupe, bila kudai malipo.
4. Akae na kumbukumbu hiyo bila haraka. Maandiko hayo yanafundisha kwamba furaha huzaliwa, mwili hutulia, na akili nayo hutulia.

Mahanama aliambiwa afanye hivyo akitembea, akisimama, akiketi au akilala, akiwa kazini, na hata nyumbani penye watoto wengi. Kwa hiyo, hata anayepalilia maharage anaweza kutafakari.

Tahadhari

Njia hii haimfai anayejidanganya. Mtunza hazina aliyegusa fedha za kikundi akitafakari uadilifu wake, hatapata utulivu. Inampasa kwanza arudishe na kutengeneza. Hapo ndipo tofauti na majivuno inapoonekana. Mwenye majivuno hujipima kwa jirani yake, bali anayetafakari hivi hujiuliza habari za matendo yake mwenyewe.

Hatukubaliani na Wabuddha katika mambo yote, hasa kuhusu Mungu. Hata hivyo, somo hili linatufaa. Yule mama hahitaji kuambiwa kwamba anaweza. Anahitaji kukumbuka kwamba kila juma amekuwa akihesabu fedha za wenzake, na hesabu imekuwa sawa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani katika kikundi chetu anayejua kazi lakini huogopa kusema? Tunachangiaje hofu yake?
2. Kila mmoja akae kimya kwa dakika tano, akumbuke tendo moja jema alilofanya mwezi huu. Si lazima alitaje.
3. "Mti" wa maisha yetu kama kikundi umeinamia wapi? Ni tendo gani dogo litakaloubadilisha au kuuimarisha?