Zawadi Isiyo ya Bure

Vijana wenzangu, usiku hapa Mwanza dagaa huifuata taa ya mvuvi. Taa ni ya kweli, ila chini kuna wavu. Ndivyo zilivyo barua pepe za “mchango” kwa jina la Mavis Wanczyk. Ni kweli mama huyo wa Marekani alishinda dola milioni 758.7 kwenye bahati nasibu mwaka 2017, lakini anayekuandikia ni tapeli. Atakuomba “ada ndogo”, kisha nyingine. Mimi huuliza swali moja tu: zawadi gani inalipiwa? Neema ya Mungu hutolewa bure. Usijibu, usitume hela ya ada ya chuo wala namba ya siri. Ikija kwa SMS, ripoti TCRA kupitia 15040. Soma Mathayo 10:16: upole wetu uende na busara.