Kumtunza Mgonjwa Nyumbani: Unauliza, Tunajibu

Umetoka shule, begi bado mgongoni, mama anakwambia: "Kambadilishe bibi yako shuka." Bibi alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Hospitali wamemruhusu, sasa wodi ndiyo chumba chenu. Hakuna aliyekufundisha kazi hii. Basi tuanze.

Je, kwa nini nimgeuze mara kwa mara?
Akilalia upande mmoja muda mrefu, damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa. Ngozi inakufa, kidonda kinaanza. Mgeuze kila baada ya saa 2, hata kama amelala. Kagua visigino, nyonga na juu ya matako. Ngozi ikibadilika rangi, usiisugue. Mwambie muuguzi mapema. Usimburute kitandani. Muwe wawili, mumwinue. Na umwambie kwanza: "Bibi, naomba nikugeuze." Yeye si gunia, bado ni bibi yako!

Nimlisheje?
Mkalishe wima. Mpe kidogo kidogo, usubiri ameze. Akimaliza, abaki amekaa kama nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acha kumlisha, mwoneni daktari. Chakula kikiingia kwenye mapafu ni hatari.

Mimi naweza kuambukizwa?
Kiharusi hakiambukizi. Na kama mgonjwa wenu ana VVU, huwezi kuvipata kwa kula naye au kumwogesha. Ila vaa glavu ukigusa damu au kidonda, kisha nawa kwa sabuni. Kifua kikuu ni tofauti, huenea kwa hewa: fungua madirisha, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, ameze dawa bila kuruka hata siku moja, na nyote mnaoishi naye mkapimwe.

Kaka zangu wako uwanjani, mimi ndo namhudumia kila siku. Ni haki?
Hapana. Kufua shuka na kupika uji hakuhitaji msichana, kunahitaji mikono. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Omba familia ikae kikao, mpange zamu na kuziandika ukutani. Ukianza kukosa vipindi, mwambie mwalimu unayemwamini. Usione noma. Kuchoka si kukosa upendo.

Kazi hii naweza kuisomea?
Ndiyo, wasichana na wavulana. Kwa uuguzi, komaa na Baiolojia, Kemia na Fizikia kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Pia wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Tanzania ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, wenye mafunzo ya miezi 6 darasani na kwa vitendo. Uliza zahanati ya kwenu nani anahudumia mtaa wenu. Leo atakusaidia kwa bibi. Kesho huenda mkawa wafanyakazi wenza.

Zoezi
1. Orodhesheni kazi zote za kumtunza mgonjwa kwa siku moja. Nani huzifanya kwenu?
2. Wawili wawili, fanyeni igizo: kijana anaomba kikao cha familia kuhusu zamu. Baba atajibu nini?